Maradhi Yanayotungoja: Hotuba Niliyoitoa Langoni

Maneno haya niliyazungumza Jumamosi baada ya sala ya alasiri, hapa Langoni, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), mbele ya kina mama wa vyama vya mtaa, wazee na wahudumu wa afya ya jamii. Waliokuwa safarini na waliokuwa baharini waliniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka. Nimeondoa tu nilipokohoa na pale kipaza sauti kilipozima.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masharifu, maustadhi, wazee wangu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma mkijifanya mnapita njia: sogeeni. Mikeka ipo.

Mimi nimekuwa muuguzi miaka thelathini na miwili, na mingi katika hiyo nimeipitisha katika visiwa hivi. Baadhi yenu nimewazalisha mimi. Usicheke wewe, ulitoka miguu kwanza ukatukesha usiku kucha. Leo nimekuja kuzungumza juu ya saratani. Najua neno lenyewe hapa kwetu halitajwi. Tunasema "ule ugonjwa". Tunasema "maradhi mabaya". Mama akifa tunaambiana alikuwa na tumbo. Jamani, ni tumbo gani hili linalochukua wanawake wa miaka arobaini na mitano?

Nitawapa hesabu mara moja, kisha niiweke kando, maana hesabu hailizi mtu. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba Kenya nzima ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000, na waliokufa walikuwa kama 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilipata wanawake zaidi ya 5,200 na ikaua zaidi ya 3,200. Hii ya mlango wa kizazi ndiyo nitakayoizungumza zaidi. Kwa nini hii? Kwa sababu ndiyo inayonikasirisha zaidi. Na inanikasirisha kwa sababu inatungoja. Ugonjwa unatungoja, na sisi hatuendi.

Nianze na mama mmoja wa kisiwa cha Pate. Sitataja jina lake wala mji wake. Alifika kwangu amejifunga kanga tatu kiunoni, moja juu ya nyingine, na zote tatu zimelowa. Alikuwa amekoma hedhi miaka minne. Damu ilipomrudia, mnajua alisema nini? Alifurahi. Aliniambia, "Mwanangu, nilidhani ujana umenirudia."

Alikuwa ameshakwenda kutibiwa mahali, mara tatu. Mara tatu akapewa vidonge, na hata siku moja hakuna aliyemwambia apande kitandani atazamwe. Na mimi sijitoi. Nilipokuwa muuguzi mchanga niliwapa wanawake vidonge vya namna hiyo hiyo, nikawaambia ni umri, nendeni mkapumzike. Mungu anisamehe.

Siku tuliyompa barua ya kwenda mbele, hospitali kubwa, boti iling'oka gatini Mtangawanda imechelewa. Walipofika Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari baina ya Manda na bara, maji yalikuwa yamekupwa. Nyote mwaijua Mkanda maji yakikupwa. Walikaa pale juu ya mchanga masaa manne, jua la utosi, na yule mama amelazwa juu ya magunia ya nazi. Alifika Mombasa siku ya tatu. Kipande kikakatwa, kikapelekwa maabara, wakangoja majibu. Majibu yalipotoka ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye kibofu.

Sasa nisikilizeni. Saratani hii karibu yote inaletwa na virusi viitwavyo HPV. Watu wengi huvipata wakati fulani wa maisha yao, na wengi mwili wenyewe huvifukuza katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hukaa. Vikikaa, huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka kugeuka saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Kwa mwanamke anayeishi na HIV bila ya matibabu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na hatari yake ni mara sita ya wenziwe. Fahamuni maana yake. Mkanda ilimchelewesha yule mama masaa manne. Sisi tulimchelewesha miaka kumi na mitano.

Kuna fundi yeyote wa Matondoni hapa? Ahsante mzee, inua mkono wakuone. Jahazi likikaa majini miezi, mwafanyaje? Mwangoja lizame? Halizamishwi. Hupandishwa pwani, likakunwa magome, likatazamwa ubao baada ya ubao, likakalafatiwa, likapakwa deheni, likarudishwa majini. Na wakati huo halijavuja hata tone. Mwanamke wetu hatazamwi hata mara moja tangu azae mtoto wa mwisho.

Na kutazamwa kwenyewe ni kitu gani? Watu wamejaza kichwa mashine kubwa na visu. Ni siki! Siki ile ile ya kachumbari, ila hii imepimwa ukali wake. Mama hulala, muuguzi huweka kile chombo cha kufungulia, hupaka siki pole pole kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja. Nyama nzima hubaki na rangi yake ya waridi. Palipoanza kuharibika pageuka peupe, kama tone la tui lililoangukia kitambaa. Pakionekana peupe, na padogo, huchomwa hapo hapo kwa kifaa cha joto, kazi ya dakika chache. Mama huteremka kitandani akaenda kupika. Hiyo si saratani bado. Hiyo ndiyo njia yake, na imefungwa.

Zamani hapo peupe paligandishwa, na kifaa cha kugandisha kilihitaji mtungi wa gesi, na mtungi wa gesi kuuvusha hadi Faza au Kizingitini ni kazi kama ya kuvusha ng'ombe. Siku hizi kuna kifaa cha kushika mkononi, kikubwa kidogo kuliko tochi, kinachotumia betri. Waheshimiwa mlioko hapa mbele, nawaombeni sana, andikeni hilo. Kitu kinachoingia ndani ya mkoba hakina sababu ya kukosekana Faza, wala Kiunga. Mwanamke wa Kiunga na mwanamke wa Nairobi mwili wao ni mmoja na ugonjwa wao ni mmoja. Kinachowatenganisha ni njia.

Mtaniambia, sawa, muuguzi, siki ipo, mbona watu hawaji? Nitawapa kisa.

Tulipanga siku ya kupima. Redio ikatangaza. Saa mbili asubuhi meza tayari, taa tayari, glavu tayari, siki tayari. Saa tatu, hakuna mtu. Saa tano, hakuna mtu. Saa sita akaingia mama mmoja, nikainuka kwa furaha mpaka kiti kikaanguka. Kumbe anataka dawa ya kikohozi ya mjukuu wake.

Adhuhuri nikavaa buibui langu nikaenda kwa somo mmoja wa mtaa. Nyote mwajua kazi ya somo. Binti akivunja ungo, ni somo anayemkalisha na kumfunza. Akiolewa, ni somo. Ndiye mtu aliyepewa ruhusa ya kusema lisilosemwa. Nilimkuta akipepeta mchele. Akaniuliza, "Mumewaitaje hao wanawake?" Nikamwambia, kwa redio, tumetangaza uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, bure. Alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi. "Wewe umesimama juu ya dari ukataja mlango wa kizazi mji mzima ukasikia, kisha wataka mke wa mtu apite mbele ya baraza ya wanaume, na kila mmoja ajue aendako?"

Miaka yangu yote ya masomo, na hilo sikulifikiri.

Akaacha mchele wake. Akaja zahanati akaamrisha kama nahodha. Mlango wa mbele ufungwe, wa nyuma unaotokea kichochoroni ufunguliwe. Yule kijana wa kiume anayeandika majina atoke, akae msichana. Kitandani litandikwe leso safi, si plastiki. Kisha akasema, "Nianze mimi." Akapanda. Akateremka, akajifunga buibui lake, akatoka. Sijui alipita nyumba ngapi. Najua alasiri kichochoro kilijaa mabuibui mpaka punda hakupata pa kupita, na kabla ya magharibi chupa ya siki ilikuwa imekwisha. Wawili katika wale tuliona weupe. Wote wawili wazima mpaka leo. Mmoja yumo humu ndani, na haki yake ni kunyamaza.

Mficha uchi hazai. Tunaisema kila siku, na sisi ndio tunaoificha. Lakini nimejifunza kwa yule somo kwamba haya ya wanawake wetu si adui wa kupigwa vita. Ni nyumba. Ukitaka kuingia, bisha hodi mlango unaofaa.

Na ambaye hata mlango wa nyuma hauwezi, kuna njia nyingine. Kipimo cha HPV chenyewe, ambacho Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linakipendekeza kitangulie, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, peke yake, chooni kwake, mlango umefungwa kwa komeo. Hakipo kila mahali. Kidaini. Kisichodaiwa hakiji. Kwa sasa siki ipo. Mwanamke wa miaka 30 hadi 49 apimwe. Anayeishi na HIV aanze akiwa na 25.

Jambo moja nitalisema kwa sauti ya chini, na waume wasikie. Virusi hivi hupita baina ya mume na mke. Mwanamke mwenye heshima zake, asiyemjua mwanamume ila mumewe, anavipata. Kwa hiyo mtu akikutwa na ugonjwa huu, usiniletee maneno ya "alikuwa wapi". Alikuwa nyumbani kwako.

Haya, huyo punda wa nani? Mtoeni juani, maskini, mpeni maji.

Sasa watoto wetu. Serikali ilianza chanjo ya HPV nchi nzima Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka kumi. Rwanda walianza 2011, wa kwanza Afrika kufanya hivyo nchi nzima, na wakawafikia zaidi ya wasichana tisa katika kila kumi. Wanyarwanda wanatushinda nini? Hawana hata bahari.

Baba mmoja, mvuvi wa kamba, alinifuata mpaka gatini akiwa na karatasi ya shule mkononi. Alikuwa amekasirika, lakini alikuwa na adabu, akaniuliza maswali matatu ambayo najua na nyinyi mnayo. Kwanza: mbona wasichana peke yao? Pili: mbona bure? Tatu: hii haifungi kizazi?

Sikumfokea. Mtu anayeuliza habari ya binti yake anastahili jibu. Nikamwambia: wavulana pia huvipata virusi, na Australia, Uingereza na nchi nyingine huchanja wote. Hapa tumeanza na wasichana kwa sababu wao ndio wanaozikwa. Ni bure kwa sababu Gavi, mfuko wa kimataifa wa chanjo, husaidia Kenya kulipia, kama ilivyo kwa chanjo nyingine walizochomwa watoto wake, na hakuna aliyemwuliza bei. Na kizazi? Nikamwambia: baba, kinachofunga kizazi ni saratani. Mwanamke wa miaka thelathini akipatwa, mara nyingi ama hutolewa kizazi chote, ama huchomwa kwa mionzi, na baada ya hapo hazai tena. Chanjo ndiyo inayokilinda.

Alinyamaza. Akatazama maji. Kisha akaniambia, "Dada yangu alifariki kwa damu, pale pale Siyu. Tulisema ni jini." Alikuja na binti yake wiki ile ile, akamshika mkono mwenyewe.

Na nyinyi wanaume msidhani mmesamehewa. Nina ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kijaluba cha fedha cha tambuu, kimerithiwa. Tulipokuwa watoto tuligombania kumtengenezea: jani la mtambuu ulifute kwa kidole, chokaa kidogo, katu, popoo iliyokatwa nyembamba, tumbaku, ulikunje mara tatu. Harufu yake ndiyo harufu ya baraza ya utoto wangu. Siwezi kuisema vibaya bila ya moyo kuniuma. Lakini niseme. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliandika katika ripoti yao ya mwaka 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, inaleta saratani. Ami yangu alianza na doa jeupe ndani ya shavu, lisilofutika ukilisugua. Halikumuuma. Mwaka uliofuata kinywa kikaanza kukaza, kikakataa kufunguka, ikawa wali anaingiza kwa ncha ya kijiko. Bado akaniambia, "Mwanangu, hapana utungu, niende kwa daktari nikamwambieje?"

Hapana utungu! Hilo neno likatwe katika ndimi zetu. Uvimbe wa ziwa mwanzo wake hauumi. Doa la kinywani mwanzo wake haliumi. Mlango wa kizazi mwanzo wake hauumi. Ukingoja utungu umengoja mgeni anayekuja mwisho. Wenye tambuu, wenye sigara, wenye tumbaku ya kuweka mdomoni: kidonda kisichopona wiki mbili, fungua kinywa mbele ya muuguzi. Na mzee anayeamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, au anayeona damu, naye asiseme ni uzee.

La mwisho ni hili la njia na pesa, na hapa nitawasumbua kidogo.

Matibabu ya mionzi hayafanywi mara moja. Ni siku tano kila wiki, wiki tano au zaidi. Kutoka hapa unavuka Mokowe, unapanda basi, Hindi, Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita mia tatu. Hurudi jioni. Utalala wapi wiki tano? Namjua mama aliyeanza vizuri kabisa. Alikuwa amefikia kwa shemeji yake. Wiki ya kwanza alipokewa kwa biriani. Wiki ya pili jikoni kukaanza kufungwa mapema. Wiki ya tatu akafunga kikapu chake akarudi Amu, akatuambia amemaliza. Hakumaliza. Alikuwa ameona haya ya kula chakula cha watu. Mionzi ikikatwa katikati ugonjwa huweza kurudi, na ulirudi. Aliuawa na nini mama yule? Na saratani? Mimi nasema aliuawa na jiko lililofungwa mapema.

Na sisi twafanyaje? Mgonjwa akishalala kabisa ndipo tunafungua kundi la WhatsApp. Ndipo bakuli linazungushwa msikitini. Tunatoa, sikatai, watu wa Amu wana mkono. Lakini tunatoa sanda.

Chama kimoja cha kina mama hapa hapa Langoni kimegeuza jambo. Kila mchango wa wiki, kila mtu huongeza shilingi ishirini, na hizo hazikopwi hata kwa arusi. Ni nauli ya kwenda kutibiwa na chakula cha kule. Wamekubaliana na familia mbili za kwetu zinazoishi Mji wa Kale, Mombasa, kila moja inatoa chumba, na chama hupeleka mchele na samaki mkavu ili mgonjwa asiingie nyumba ya watu mikono mitupu. Hapo ndipo penye akili. Mgonjwa akila cha chama chake, haoni haya. Na nahodha mmoja wa boti ya Pate, ambaye hataki nimsifu, amesema mwenye barua ya hospitali hukaa bure, na siku hiyo boti hung'oka kwa saa ya maji, si kwa saa ya abiria kujaa.

Kadi zenu nazo. NHIF, ile bima ya afya ya taifa, imeondoka tangu Oktoba 2024, sasa bima ni ya SHA. Asiye na mshahara hulipa kulingana na uwezo wake, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na mchango wake hulipwa wa mwaka mzima. Najua mwaka mzima kwa mkupuo ni mzigo kwa mvuvi wa kusi, bahari imechafuka na boti imepandishwa. Basi chama kimkusanyie wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Usisubiri kujiandikisha ukiwa juu ya machela. Wahudumu wa afya wa mtaa wako hapa na simu zao, watakusajili kabla hujavaa viatu.

Nimesema mengi na adhana iko karibu. Kesho baada ya alasiri tutakuwa zahanati, mlango wa nyuma, leso safi, siki chupa tatu. Somo atakaa mlangoni mwenyewe, nimeshamwona akitikisa kichwa. Daftari la kujiandikisha halitazungushwa hapa hadharani, liko nyumbani kwake, nendeni kama mnaokwenda kuazima ungo. Wenye mabinti wa miaka kumi, njooni na kitabu cha kliniki. Wazee wenye vijaluba, nitawatazama vinywa mimi mwenyewe hapa barazani, sasa hivi, mwanga ungalipo. Mzee wa Matondoni, wewe uko karibu, anza. Na nyinyi vijana, mikeka hii ni ya msikiti, ikunjeni muirudishe kabla imamu hajaiulizia.